Mpangaji wa Chini Ahamia Ufukweni

Jumatatu, 3 Agosti

Balaa limeingia. Ijumaa filamu za ufukweni zinaondolewa. Bi Mkubwa, mwenye ukumbi wetu wa sinema, katutangazia asubuhi tukiwa tumepangwa kwenye ngazi kama watoto wa shule. Kasema watu wamechoka na vijana wanaoruka ruka mchangani. Kasema viti vinazidi kubaki vitupu. Kasema wazo la filamu mpya limetoka kwa mkata tiketi wetu, na akamshukuru mbele yangu. Mkata tiketi akainamisha macho kwa unyenyekevu. Simwamini mtu mnyenyekevu saa mbili asubuhi. Huyu tunamwita Kidevu, kwa sababu kidevu chake hufika dirishani kabla yake.

Filamu mpya inaitwa Mpangaji wa Chini. Inahusu kitu kinachoishi chini ya sakafu ya familia moja na kuigonga. Sikuuliza ni kitu gani. Bi Mkubwa alitaka kunieleza, nikamwambia nasikia harufu ya mashine kuungua, nikakimbilia juu.

Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Mimi naogopa filamu za kutisha. Wala si kuogopa kwa mchezo. Nikiiona moja tu, naoga mlango ukiwa wazi mpaka dada yangu apige kelele. Mtu mzima, fundi wa mitambo ya sinema, mvi zimeshanianza masikioni. Nikifungua mdomo nitachekwa hadi nihame mtaa.

Watu wengine wakiogopa wanafumba macho, yanaisha. Mimi kazi yangu hairuhusu. Filamu moja ina mikanda mitano, kila mmoja ndani ya mkebe wake wa bati. Nina mashine mbili. Ya kwanza ikicheza, ya pili naiwekea mkanda unaofuata, halafu nachungulia kidirisha changu na kuitazama kona ya juu ya picha, upande wa kulia. Mkanda ukikaribia kuisha, pale konani kinatokea kidoti cheusi, cha kufumba na kufumbua. Kikitokea, nabadilisha mashine, na huko chini hakuna anayejua kitu. Kikinipita, skrini inabaki nyeupe na ukumbi mzima unapiga miluzi. Kwa hiyo mimi ndiye mtu pekee katika jengo hili ambaye haruhusiwi kufumba macho.

Na kwa miaka mingi sikuwa na sababu ya kufumba. Tumekuwa tukionyesha Likizo Haiishi, na kila ikiondoka inarudi. Ee, filamu ile! Vijana wanafika ufukweni wakiwa wamebeba gitaa, na hakuna aliyebeba mzigo mwingine. Hakuna anayepika, wote wameshiba. Wazazi hawajulikani waliko na hakuna anayewatafuta kwa hofu. Bahari inaishia magotini. Mtu akizama kichwa, akiibuka nywele zimeshakauka. Kuna jambazi, tunamwita Mbabe, ubaya wake wote ni kwamba amevaa koti la ngozi kwenye jua, na adhabu yake ni kusukumwa majini na viatu vyake. Kila tatizo likifika, kabla halijakaa vizuri, mtu anaanza kuimba na wengine wote wanazijua hatua. Mimi maishani sijawahi kupata tatizo ambalo watu wa pembeni walizijua hatua.

Mle ndani hakuna kinachogonga. Ndicho ninachokipenda.

Lazima niizuie hiyo nyingine kabla ya Ijumaa.


Jumanne, 4 Agosti

Mpango wa kwanza. Nimemtumia dada yangu mkubwa, ninayeishi kwake. Sikumweleza sababu ya kweli. Nimemwambia ni suala la maadili ya watoto. Alitakiwa aende dirishani mchana, aseme kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba yeye na majirani wote wanataka filamu ya ufukweni, na kwamba wakinyimwa hawatakanyaga tena. Mimi nikajibanza nyuma ya ubao wa matangazo nisikilize ushindi wangu.

Alianza vizuri, haki yake nimpe. Kidevu akamfanya arudie mara mbili, ndivyo alivyo, kila mtu lazima arudie. Halafu yule mnafiki, badala ya kubishana, akaanza kumsimulia Mpangaji wa Chini. Akamwambia kuna mahali mtoto anaangusha kijiko mezani. Anainama kukiokota. Kijiko hakipo, ila pengo kati ya mbao mbili lipo. Akasita. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, la tamaa bila shaka. Dada akashika kifua, akauliza ehe, ikawaje. Kidevu akamwambia ikawa Ijumaa.

Dada akakata tiketi ya safu ya tatu, katikati kabisa.

Nyumbani nilimkumbusha habari ya maadili. Akanijibu kwamba kwa umri wake ana haki ya kupata mshtuko hata mmoja usiotoka kwa ndugu zake. Akaniuliza tena kama ni kweli sakafu inagonga. Nikaacha chakula.


Jumatano, 5 Agosti

Mikebe imefika. Kila mkebe umebandikwa karatasi kwenye kifuniko, na kwenye karatasi kuna jicho linalochungulia kati ya mbao. Mikebe mitano, majicho matano, yote kwangu. Nimeigeuza yote kifuniko chini. Halafu ikanijia kwamba sasa yanatazama sakafu, na sakafu ndiko anakoishi mwenyewe. Nikakaa miguu juu ya kiti.

Alasiri Bi Mkubwa akataka tuijaribu. Kidevu akasema jino linamsumbua, akatoweka. Bi Mkubwa akaketi peke yake katikati ya ukumbi, mama wa watu, bila hata mkoba wa kukumbatia. Nikawasha.

Mkanda wa kwanza hakuna kitu. Familia inahamia, inapanga makabati, baba anasifia sakafu. Nikaanza kujiona mjinga. Mkanda wa pili ndipo Mpangaji akaanza kugonga. Taratibu. Kama mtu mwenye adabu zake anayeomba kufunguliwa, ila kutoka chini. Mama wa familia anasema ni panya. Panya gani anagonga halafu anasubiri ajibiwe?

Nilifumba macho. Nakiri hapa tu. Nilipofumbua, skrini ilikuwa nyeupe pe na Bi Mkubwa alikuwa anapanda ngazi. Nilisikia kila hatua na sikujua kama ni yeye.

Hakufoka. Bora angefoka. Alisema hii ilikuwa majaribio, na majaribio yameisha. Kidoti kikinipita tena mbele ya wateja, chumba hiki anampa Kidevu, ambaye amekiomba kwa muda mrefu, na mimi nitashuka kushika tochi. Akanyoosha kidole kwenye tochi iliyoning'inia msumarini tangu mwelekeza viti wetu alipoacha kazi.

Tochi! Kushika tochi ni kusimama ndani ya ukumbi wenyewe, gizani, kipindi kizima. Hakuna mlango wa kufunga. Mgongo wako hauna ukuta. Mtu usiyemwona anakushika suruali na kukuuliza choo kiko wapi. Huku juu angalau nina komeo. Nikipoteza chumba hiki nimekwisha, na sisemi kwa mafumbo.

Kumbe ndiyo maana Kidevu alileta wazo la filamu hii. Alijua nitashindwa. Anakitaka chumba changu.


Alhamisi, 6 Agosti

Akili imefanya kazi. Ninachohitaji kuona ni kona tu. Basi kwa nini nione na mengine? Nimekata boksi gumu, nikaziba kidirisha chote, nikaacha tundu dogo linaloonyesha kona ya juu kulia na basi. Masikioni nikaziba na vipande vya sifongo. Asubuhi nikajaribu na mkanda wa kwanza. Safi. Niliona kipande cha dari, kipande cha pazia, jani la mti, kidoti. Nilitamani kumwita mtu anipongeze.

Nikaweka mkanda wa pili. Kipande cha dari. Kipande cha kabati. Halafu, kwenye kona yangu, kona ileile, vidole. Vinne, virefu, vimeshika ukingo wa mbao kama mtu anayetaka kujivuta juu. Kati ya sehemu zote za skrini. Aliyeongoza filamu ile ana ugomvi na mimi binafsi, na sijui nilimkosea nini. Boksi nimelichana.

Jioni tulionyesha Likizo Haiishi kwa mara ya mwisho. Walikuja watu wa kuhesabika, na mmoja alikuwa amelala. Ulipofika wimbo wa mwisho, wote wameshikana mikono mchangani na Mbabe naye amesamehewa, nilitoa machozi. Sikuyafuta. Kona niliiona vizuri tu.

Mchukuzi alikuja kuchukua mikebe ya ufukweni. Sikuweza. Nimemwambia kuna mkanda unahitaji kuungwa, arudi wiki ijayo. Kesho nataka iwe karibu yangu, kama mtu anayelala na shati la mama yake. Nimeipanga pale pale kando ya ile mingine. Na kwa kuwa Kidevu ana tabia ya kupanda kuchungulia, nayo nimeigeuza kifuniko chini, asijue bado ipo. Mikebe kumi, mabati matupu. Hakuna atakayegundua kitu.


Ijumaa, 7 Agosti

Nitaeleza kama ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na watu hadi kwenye ngazi za pembeni. Dada yangu safu ya tatu, kitambaa cha kufutia jasho mkononi. Bi Mkubwa kasimama nyuma kabisa, mikono kifuani, akinitazama mimi badala ya skrini.

Mkanda wa kwanza, kidoti nilikiona. Mkanda wa pili ukaanza, na Mpangaji akaanza kugonga. Sikufumba macho. Nilijishika kope za macho yote mawili kwa vidole, naapa. Ila ilibidi pia niandae mkanda wa tatu, na huo ulikuwa nyuma yangu, sakafuni, kwenye mikebe. Kuugeuza mkebe nione karatasi ilimaanisha kulitazama jicho. Nikanyoosha mkono bila kugeuka. Nikahesabu kwa kupapasa. Nikavuta mkebe, nikafungua, nikaupitisha mkanda kwenye mashine gizani, mikono inajua njia yenyewe. Vidole vikapanda konani. Nikaumia rohoni lakini nikasimama. Kidoti. Nikabadilisha.

Jua kali. Mchanga mweupe. Vijana wanacheza mpira na kuimba.

Nilikuwa nimeweka mkanda wa tatu, sawa, ila wa Likizo Haiishi.

Nikasubiri miluzi. Nikasubiri viatu virushwe. Nikaitazama tochi.

Kimya. Sijawahi kusikia ukumbi uliojaa ukanyamaza vile. Walikuwa wameegemea mbele. Ndipo nikasikia mama mmoja chini ya kidirisha akimnong'oneza mtoto wake kwamba hao ni ndugu wa ile familia, wamekwenda kupumzika, hawajui kama Mpangaji amewafuata.

Hakuna aliyedhani ni kosa. Wote walidhani ni hadithi inaendelea.

Msichana wa gauni la njano akaufuata mpira majini. Ukumbi mzima ukapiga ukelele. Msichana akaokota mpira, akacheka, akarudi. Watu wakapumua, wachache wakaanza kulia. Kijana mwenye sauti ya kukwaruza akapanda juu ya kreti kumwimbia, na mzee mmoja akasimama akamwambia shuka hapo wewe, hujui kilicho chini ya hiyo kreti. Mbabe aliposukumwa majini, sehemu ambayo kwa miaka yote watu wanacheka mpaka wanakohoa, watu walifunika nyuso. Alipoibuka akitabasamu ilikuwa mbaya zaidi. Nilimsikia dada yangu mwenyewe akisema kwa sauti kwamba huyo si yeye aliyezama.

Ningeweza kurudi kwenye filamu ya kweli. Ilihitaji kugeuza mikebe. Sikugeuza. Nikaweka wa nne wa ufukweni, na wa tano. Wakaimba wote wameshikana mikono, jua likazama, mwisho. Nikawasha taa.

Hakuna aliyeinuka. Walikaa wakiitazama skrini tupu, halafu wakapiga makofi, wengine wamesimama. Dada ilibidi nimshike mkono hadi nyumbani. Njia nzima aliuliza swali moja: wale watoto walikuwa wanatabasamu kitu gani?


Jumamosi, 8 Agosti

Nilikwenda kwa Bi Mkubwa nimeshabeba kikombe changu na taulo langu, nisisumbue mtu kuniletea.

Hakunifukuza. Kaninyanyukia kitini. Kasema ameishi na sinema maisha yake yote na hajawahi kuona watu wazima wakilia kwa sababu ya mpira. Anadhani niliyapanga. Kasema nina kipaji nilichokuwa nakificha. Nilianza kukanusha, halafu nikaona si adabu kumbishia mkubwa.

Foleni leo ilikunja kona. Kwa hiyo amri imetoka: mchanganyiko uleule, mikanda miwili ya Mpangaji, mitatu ya ufukweni, kila onyesho, likizo nzima. Filamu ambayo ingeondoka baada ya wiki moja sasa imehamia. Kila siku mimi na vidole vile, alasiri na jioni, na ni mimi niliyevialika.

Nikajifariji kwamba angalau baada ya hapo inakuja mitatu yangu. Nikasubiri jua langu na mchanga wangu.

Nyuma ya msichana wa gauni la njano, majini, kuna kitu cheusi. Ni mwamba. Nimeujua mwamba huo miaka yote, uko pale wimbo mzima, ndege hutua juu yake. Leo nimeutazama na ukumbi mzima umeutazama pamoja nami. Naomba niandike kwa utulivu. Nadhani ulikuwa kulia zaidi.

Si kweli. Ni mwamba.

Onyesho la jioni nimeutazama tena. Sikutazama kitu kingine. Nyimbo zimepita sikuzisikia, Mbabe kaanguka sijui lini. Mahali pangu pekee pasipogonga, na nimemwingiza Mpangaji kwa mikono yangu mwenyewe. Nina huzuni ambayo sina hata pa kuipeleka, maana pa kuipeleka palikuwa ni pale pale.


Jumapili, 9 Agosti

Mpango mpya. Nishushwe nikashike tochi. Najua niliandika nini Jumatano, lakini nimefikiri upya: mwelekeza viti anaruhusiwa kuipa skrini mgongo. Basi nimpe Kidevu chumba anachokitaka, nionekane nimejitolea, nimpate kwa maneno matamu.

Nikashuka dirishani wakati mkanda wa kwanza ndiyo umeanza, nina nafasi kabla ya kidoti. Nikamkuta amekaa ameupa ukumbi mgongo, pamba masikioni, macho kayafumba, anaimba kwa pua. Wimbo wa mpira, wa msichana wa gauni la njano. Nilipomgusa bega aliruka hadi karatasi za tiketi zikamwagika.

Akaniomba nisimwambie mtu. Yaani Kidevu, mimi, ananiomba.

Yametoka yote. Anaogopa kuliko mimi. Dirisha lake na ukumbi vimetenganishwa na ubao tu, na lazima akae kusubiri wanaochelewa, kwa hiyo kila filamu tuliyowahi kuonyesha ameisikia bila kuiona. Akasema sauti bila picha ni mbaya mno, unajichorea mwenyewe. Ndiyo maana ya pamba. Ndiyo maana watu wote hurudia. Alilileta wazo la Mpangaji kweli ili mimi nishindwe, akipate chumba chenye komeo, halafu amwombe Bi Mkubwa arudishe za ufukweni. Kisa anataka kuiona Likizo Haiishi hata mara moja. Nyimbo zote anazijua kwa moyo. Hajawahi kuiona hata picha moja.

Nilipaswa kukasirika. Nilijaribu. Akaniuliza kama yule mwenye sauti ya kukwaruza anampata yule msichana. Nikamwambia anampata, na hata Mbabe anapata wa kucheza naye. Akauliza ana sura gani. Nikamwambia ya kawaida tu, masikio makubwa. Akacheka, akasema alijua. Akauliza bahari yao ikoje, nikamwambia inaishia magotini. Usiku je? Nikamwambia usiku wanawasha moto mkubwa, wanakaa duara, na hakuna anayetembea peke yake. Akasema hivyo ndivyo alivyokuwa akiichora.

Habari ya mwamba sikumwambia. Nilitaka aione kwanza ikiwa safi.

Tumekubaliana. Kesho kabla ya onyesho tunakwenda wote wawili kwa Bi Mkubwa, tunamwambia ukweli kwamba tunaogopa, tunamwomba amwondoe Mpangaji. Acheke akitaka. Tumepeana mikono. Wake ulikuwa baridi kama wangu.

Nilipanda mbio na kidoti nilikiwahi.


Jumatatu, 10 Agosti

Nimefika ofisini kwa Bi Mkubwa. Kidevu alikuwa ameshakuja na kuondoka.

Bi Mkubwa kanieleza. Kidevu amemwambia kwamba macho yangu yamechoka, nafanya kazi kupita kiasi, ningehitaji kusaidiwa. Kwamba yeye ataendesha ile mikanda miwili ya mwanzo kila onyesho, na mimi nikae dirishani kwake. Ya ufukweni ikifika, nipande niendeshe mimi. Nikauliza kama amesema lolote kuhusu kuogopa. Bi Mkubwa kasema hapana, amesema yeye haogopi kitu, ila alikuwa anatetemeka mpaka akampa kiti. Foleni ni ndefu, filamu haiondoki, na mpango wa Kidevu ameukubali.

Nikakaa dirishani. Alikuwa ameniachia pamba mpya kwenye karatasi safi, na mto wa kukalia. Nikaziba masikio. Sikusikia hata pigo moja.

Nilipopanda, shati lilikuwa limemganda mwilini na midomo ilikuwa mieupe. Hakupitwa na kidoti hata kimoja. Akaniuliza kama anaweza kubaki kidogo. Akakaa sakafuni chini ya kidirisha, shingo kainyoosha, akaitazama. Gauni la njano lilipotokea akasema kwa sauti ndogo, kumbe ndiye huyu. Mbabe alipoanguka majini alicheka peke yake katika jengo zima, kicheko cha mtu aliyekisubiri miaka. Mimi nilimtazama yeye muda wote, mwamba nikausahau. Nimerudi nyumbani nikaoga mlango umefungwa.

Halafu, nikijifuta, akili ikanijia.

Hakupitwa na kidoti hata kimoja. Mtu mwoga namna ile, siku ya kwanza. Kwa nini? Na kwa nini alikwenda ofisini peke yake, wakati tuliahidiana wawili? Na ule mto! Nani humpa mtu mto kama hataki akae pale daima? Leo mikanda miwili, kesho mitatu, keshokutwa nimekuwa mkata tiketi na yeye ndiye fundi. Jasho lile, nyimbo zile, masikio makubwa, yote ni ujanja wa kukitafuta chumba changu. Na mimi mjinga nilimpa mkono.

Ila amenionyesha udhaifu wake mwenyewe. Kesho mkanda wa pili ukianza kugonga, nitapanda ngazi bila viatu, niingie polepole, nisimame nyuma ya kiti chake gizani nisiseme neno. Ageuke mwenyewe tu. Atatoka mbio na hatarudi tena, na chumba kitabaki kuwa changu peke yangu, na komeo lake, na mashine zote mbili, na mikanda yote mitano, pamoja na ile miwili ya Mpangaji.

Nimefikiria kila kitu.